Daktari yuko Mombasa, mtoto yuko mikononi mwangu

Naanza na hili manake ndilo ninaloulizwa sana na kina mama wenzangu: ndiyo, mtoto mwenye magonjwa mengi kwa mpigo anaweza kufuatiliwa na daktari bingwa kwa simu akiwa nyumbani kwao hapa Lamu, tena vizuri tu, lakini kwa sharti. Huyo daktari awe ashamshika mtoto kwa mikono yake kwanza, na nyumbani kuwe na mtu aliyefundishwa kuangalia. Hayo mawili yakikosekana, hata uwe na simu ya bei gani na bando la mwezi mzima, utaishia kuambiwa "mlete hospitali" kila mara, na daktari hatakuwa na kosa.

Mwanangu ni msichana, anakaribia miaka mitano. Alizaliwa akachelewa kulia, ubongo ukakosa hewa, na yaliyofuata wazazi wenye watoto kama wangu mwayajua: mtindio wa ubongo, kifafa, kifua kinachojaa kwa jambo dogo, na kumeza kwa shida mpaka ikabidi atiwe mpira wa kulishia unaoingia tumboni moja kwa moja. Kwa hiyo ana daktari wa watoto hapa kisiwani, ana wa ubongo na mishipa ya fahamu Mombasa, ana wa upasuaji aliyemtia mpira, ana wa mazoezi ya viungo, na kila mmoja ana tarehe zake na karatasi zake.

Njia yenyewe wenye kuijua hawaelezwi. Boti hadi Mokowe, halafu basi, Witu, Garsen, Malindi, hadi Mombasa, siku nzima na mtoto asiyeweza kuketi mwenyewe, maziwa yake, dawa zake, vitambaa vyake. Sasa ni lami alhamdulillahi, kuna miaka mabasi yalikuwa yakienda kwa msafara wa polisi na ukichelewa msafara umekaa. Lakini hata na lami, kwa mtoto wa aina hii safari ni ugonjwa mwingine: usingizi ukikatika kifafa kinachokozeka, dawa inapita saa yake, joto la basi linamkausha, na ukifika unaketi foleni pamoja na watoto wanaokohoa, unarudi nyumbani na kifua. Daktari wa Mombasa mwenyewe ndiye aliyesema, mama, mambo mengi tunayofanya hapa ofisini ni mazungumzo, na mazungumzo hayahitaji basi.

Ila kilichonifanya mie niamini simu kilikuja mapema, kabla hata ya huo mpango wa vidio. Alipokuwa mchanga wa miezi sita hivi alianza kuamka usingizini akijikunja ghafla, kichwa kinakuja mbele, mikono inafunguka, anaachia, anajikunja tena, mfululizo, halafu analia. Bibi yake akasema ni mchango, jirani akasema degedege linamwanza, na kliniki kila tukienda ametulia tuli, hakuna kinachoonekana, na mie nikieleza kwa maneno naonekana mama mwenye hofu tu. Shemeji yangu akamchukua vidio asubuhi moja alipoamka, tukaitumia Mombasa, na jioni ile ile daktari akapiga simu akasema njooni kesho, hii si ya kungoja. Akapimwa umeme wa ubongo, ikawa ni ile aina ya kifafa cha wachanga ambayo ikichelewa kutibiwa inaurudisha nyuma ubongo unaokua.

Daktari alinihadithia jambo siku hiyo ambalo sijalisahau. Alisema hiyo hali ina jina la daktari Mwingereza, West, ambaye mwaka 1841 aliandika barua kwa jarida la The Lancet kueleza anavyomuona mwanawe mwenyewe nyumbani, anavyoinamisha kichwa mara kwa mara, akiwaomba madaktari wenzake msaada kwa kuwa yeye alishindwa. Yaani maelezo ya kwanza ya ugonjwa huo yalitoka kwa mzazi anayemtazama mwanawe kwao, akayapeleka kwa watu walio mbali. Nikasema basi, kumbe sie hatufanyi jambo geni.

Sasa kuna kuchukua vidio na kuchukua vidio. Ya kifafa, daktari anataka mwili mzima kwanza, sio uso tu, kwa sababu anaangalia mkono gani ulianza, miguu yote miwili au mmoja, halafu ndio usogee kwenye macho yanaelekea upande gani. Nguo nzito na shuka zitolewe. Mtoto alazwe ubavu, asishikwe kwa nguvu, asitiwe kitu mdomoni, na mtu aseme saa kwa sauti mwanzo na mwisho, manake mama ukiwa na hofu dakika moja waiona kumi. Na anayechukua vidio asiwe ndiye anayemhudumia mtoto. Kwetu mpango ni kwamba ikifika dakika tano bado hakijakata, simu inawekwa chini, anatiwa ile dawa ya dharura ya kupitishia nyuma tuliyopewa na kufundishwa, na tunatoka kwenda hospitali. Dakika tano hizo sikuzitunga mie, ndio mpaka madaktari wanaoutumia, kifafa kikizidi hapo hakikawii kuwa kigumu kukatika chenyewe.

Halafu pumzi. Hapa ndipo nataka nikae kidogo, maana ndipo simu inapodanganya zaidi. Vidio ya moja kwa moja hukwama, picha yaruka, na kifua anachokiona daktari kwenye skrini yake sicho kile kilicho mbele yako. Kwa hiyo hatumuachii yeye kuhesabu. Mimi namvua fulana, nangoja atulie au alale, naweka saa, nahesabu dakika nzima, si nusu dakika mara mbili, kwa sababu watoto hawa hupumua haraka kidogo kisha wakapumzika na nusu dakika inakupoteza. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifika pumzi 40 kwa dakika akiwa ametulia, hizo ni za haraka, na wa miezi 2 hadi 11 ni 50. Lakini mwanangu akiwa mzima na amelala, zake huwa 24 hadi 28. Akifika 36 kwa kile kipimo bado yuko sawa, ila kwake yeye tayari pana jambo, na mara nyingi kesho yake ugonjwa wa kifua unajitokeza wazi. Hilo daktari asingelijua kama nisingekuwa na daftari la siku zake za uzima. Kwa hiyo nawaambia kina mama, andikeni mtoto akiwa mzima. Pumzi zake, joto lake, anakojoa mara ngapi, makohozi yake rangi gani, analala vipi. Watu huanza kuandika mtoto akishaumwa na hapo hakuna cha kulinganisha nacho.

Namba zikizidi, au akiwa anabonyea chini ya mbavu kila akivuta pumzi, au pua zinapanuka, simu haipigwi kwanza. Nitarudi kwa hilo.

Kile kifaa cha kidole cha kupima oksijeni nacho kina mambo yake na hayaandikwi kwenye boksi. Idi moja msichana wangu alipakwa piko vidole vyote na shangazi zake, alipendeza masha'Allah, usiku akaanza kukohoa, nikaweka kifaa, namba haitulii, yapanda yashuka, mara haisomi kabisa. Daktari akauliza, mama, ana nini kwenye kucha? Piko nyeusi na rangi ya kucha huzuia ule mwanga unaopita kidoleni. Nikaweka kidole cha mguu kilichokuwa kitupu, ikasoma. Baridi pia, vidole vikiwa baridi namba haina maana, vipashe joto kwanza. Na kuna kubwa zaidi ambalo kila mzazi wa ngozi yetu anapaswa alijue: mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha kwenye New England Journal of Medicine kwamba kifaa hicho kiliwakosa wagonjwa weusi waliokuwa na upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kilivyowakosa weupe, yaani kinaonyesha namba nzuri na ndani mtu ana shida. Kwa hiyo daktari wetu hasomi namba peke yake, anataka midomo, ulimi, na anavyovuta pumzi. Namba ikiwa nzuri na mtoto hali yake mbaya, anaaminiwa mtoto.

Na ili midomo na ulimi vionekane pahitajika mwanga wa kweli. Nyumba yetu ni ya mawe, mtaa wa Mkomani, kuta zake nene za matumbawe, ndani pana baridi nzuri sana wakati wa joto, lakini netiwaki haipenyi. Vyumba vya ndani simu inaonyesha mstari mmoja kisha inakufa. Tukapanda juu chini ya makuti, netiwaki ipo, mwanga upo, na upepo upo. Kusi ikivuma daktari hasikii kitu ila ngurumo. Tumezoea sasa: ukuta wa upande wa kusini tunauelekezea mgongo, mtoto amepakatwa na bibi yake, mie nashika simu, na swali la maana naandika kwa ujumbe kabla hata hatujapiga, ili laini ikikatika daktari awe na la kuanzia. Usiku taa za manjano hufanya kila mtu aonekane mgonjwa au kila mtu mzima, kwa hiyo usiku twatumia tochi nyeupe ya simu nyingine, kutoka ubavuni, sio machoni. Stima ikipotea kuna pawabenki ambayo haichajiwi simu ya mtu yeyote mwingine nyumba hii, hata mgeni, na wageni wamezoea.

Mambo mengine twatuma tu klipu na daktari ataiangalia akimaliza wodi. Si kila kitu kinahitaji kuonana uso kwa uso. Kwa kweli naona klipu nzuri ya dakika moja ina faida kuliko vidio ya moja kwa moja ya nusu saa inayokwamakwama.

Mpira wa tumbo ndio uliotupa usiku mrefu kuliko yote. Ule mpira unashikiliwa ndani na kipira kidogo chenye maji, na kikipasuka unatoka wote, na tundu haliningoji, laanza kujifunga ndani ya masaa machache. Ulitoka usiku. Tulikuwa na wa akiba, maana daktari wa upasuaji alikataa kuturuhusu kuondoka Mombasa bila mmoja wa ziada na bila mie kuubadilisha mbele yake kwa mikono yangu. Sista anayekaa mtaa wa pili akaja na kanga yake juu, daktari akawa kwenye vidio kutoka kwake, tukasafisha, tukapaka jeli ya kulainishia iliyotengenezwa kwa maji, ukaingia polepole bila kusukumwa. Halafu daktari akasema hakuna kulisha, vuta kwa bomba la sindano tuone kinachotoka, na yakarudi maji ya tumboni, akayaona kwa macho yake, sista akayapima kwa kile kikaratasi kinachogeuka rangi, ndipo akaruhusu maziwa kidogo. Naomba hapa nieleweke: tundu la mwanangu lilikuwa la siku nyingi, limekomaa. Tundu jipya la wiki chache haliguswi nyumbani hata kama una daktari kumi kwenye simu, maana mpira waweza kuingia pasipo tumbo, na maziwa yakamwagikia mahali pasipostahili. Hilo ni la hospitali moja kwa moja.

Usiku ule ndio nilijua thamani ya sista. Daktari kwenye simu ana macho na masikio, mikono hana. Hagusi tumbo kujua limekaza au laini, hasikilizi mapafu. Sista akiwapo anasikiliza kifua kwa chombo chake na kumwambia daktari kwa lugha yao, kushoto chini hewa haiingii vizuri, na uamuzi unabadilika hapo hapo. Ndio maana mie siku hizi tukiwa na miadi ya vidio na hali si ya kawaida namwomba sista kwanza kabla sijampigia bingwa. Na uzito, mtoto asipopimwa uzito dawa zake zitakuwa za mtoto wa mwaka jana. Dawa za kifafa huhesabiwa kwa kilo. Mhudumu wa afya wa mtaa wetu anayo mizani, naikanyaga nikiwa nimembeba, kisha naikanyaga peke yangu, tunatoa. Namba hiyo ndiyo ya kwanza daktari anayouliza, hata kabla ya salamu kwisha.

Sasa lile la kutopiga simu kwanza. Tuliandika na daktari, siku mtoto akiwa mzima na sote tuna akili zetu, mambo ambayo yakitokea tunatoka nyumbani kabla ya kumtafuta mtu. Midomo au ulimi kugeuka rangi, kifafa kupita dakika tano, pumzi kuzidi, kubonyea chini ya mbavu au pua kupanuka, mpira kutoka na wa akiba haupo, kutokojoa tangu asubuhi hadi jioni, kutapika nyongo ya kijani. Karatasi imebandikwa kwenye mlango wa jikoni, bibi yake ameisomewa mpaka aijua kwa moyo. Simu inapigwa njiani, kwenye kiti cha wagonjwa au kwenye boti, na daktari ndiye anayewapigia wa hospitali ya hapa kuwaeleza nani anakuja na dawa gani anatumia, kwa hiyo tukifika hatuanzi hadithi upya kwa daktari wa zamu ambaye hajawahi kumuona. Binamu yangu yuko Siyu, kisiwa cha Pate, na ana mwana mwenye shida inayokaribia hii, na yeye karatasi yake ni kali kuliko yangu kwa sababu mlango wao wa bahari katikati ya mikoko haupitiki maji yakipwa. Mie naweza kungoja saa moja nione. Yeye aangalia maji kwanza, na kama yanaondoka, anaondoka nayo, hata kama mtoto bado ana afadhali. Daktari wake alipoelewa jambo la maji alibadilisha mpango mzima, na kama hukumweleza, daktari wa mjini hawezi kulijua.

Kuna la heshima pia. Mwanangu ni msichana, na picha za tumbo lake na mwili wake zinapita kwenye simu. Kwetu haziendi kwenye grupu la familia, hata kwa nia ya kuombewa dua. Zinatumwa kwa daktari, anathibitisha kaziweka kwenye faili, na mie nafuta. Anafunikwa kila panapoweza kufunikwa. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019 na habari za afya ya mtu ni katika zile zinazolindwa zaidi, kwa hiyo mzazi ana haki ya kumuuliza daktari picha zinakaa wapi na nani anaziona. Nilimuuliza, hakukasirika.

Na malipo. Mwanzoni daktari alikuwa akijibu bure, saa yoyote, na mie mwenyewe ndiye niliyemwambia hapana, tupange. Daktari asiyelipwa kwa kazi ya simu atachoka, ni binadamu, na siku akinyamaza atakayeumia ni mtoto. Tuna siku yake ya vidio, analipwa kwa M-Pesa, na nje ya hapo ni dharura peke yake. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeshaitambua tiba ya mbali kuwa tiba, na natamani bima nazo ziihesabu vivyo hivyo kwa watoto hawa, kwa sababu nauli, lojingi Mombasa na siku za kazi anazopoteza baba yake ni pesa zilizokuwa zikitumika hata kabla ya kulipia dawa.

Niliposoma nikakuta Houston, Texas, walifanya utafiti wa jambo hili hili, ukachapishwa 2021 kwenye jarida la Pediatrics. Waliwachukua watoto wenye magonjwa mazito mengi ambao tayari walikuwa na kliniki moja inayowajua, wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wakaongezewa vidio nyumbani na wengine wakaendelea na ile kliniki peke yake. Waliopata vidio, siku walizokaa nje ya nyumba zao kwa ajili ya matibabu zilikuwa pungufu kuliko za wenzao. Kilichonigusa ni hilo la kliniki inayowajua. Hawakuwapa simu watu wasio na daktari. Walikuwa na daktari kwanza, simu ikafuata. Nikisikia watu wakitaka kuleta programu za simu visiwani, mtoto apigiwe na daktari yeyote aliye hewani siku hiyo, nawaambia kwa homa ya kawaida labda, kwa watoto wetu hapana. Mtoto wangu akilegea kidogo daktari asiyemjua ataona mtoto mlegevu kama kawaida ya mtindio. Anayemjua ataona amelegea kuliko jana.

Na Mombasa bado twaenda. Kuna mambo simu haiyawezi na daktari wetu hajawahi kutuficha. Watoto wenye mtindio wa ubongo nyonga zao hutoka polepole kwenye makao yake bila hata kulia, na hilo halionekani kwa vidio, linataka eksirei na mikono ya mtu anayejua kuikunja miguu. Damu ya kuangalia ini kwa ajili ya dawa za kifafa nayo lazima itolewe, ingawa hiyo sasa yatolewa hapa hapa na majibu natuma picha. Safari inayofuata ni ya nyonga na ya kubadilisha saizi ya mpira, maana ameongezeka uzito. Tumeomba miadi zote mbili ziwekwe siku zinazofuatana ili tulale Mombasa mara moja, na wamekubali.